Utangulizi: Nyuki Ana Hiari ya Kuhama

Mzinga wangu wa kwanza niliutundika kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Nyuki waliingia wenyewe, wakakaa msimu mmoja. Siku moja nikaukuta kimya. Nilipofunua mfuniko, masega yalikuwa yamegandamana kwa nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na ndani yake viwavi wanene wa nondo wanatafuna nta. Niliwalaumu nondo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba walikuja kumalizia tu. Kundi lenye nguvu huwafukuza. Nondo hushamiri pale nyuki walipokwisha kudhoofika au kuondoka.

Nakukaribisha katika elimu hii ya ufugaji nyuki kwa kisa hicho kwa sababu vitabu vingi vya ufugaji viliandikwa kwa ajili ya nyuki wa Ulaya, aliyezoea kutulia mahali pamoja na kuweka akiba ya majira ya baridi. Nyuki wetu wa Afrika Mashariki amekulia kwenye ukame, moto wa nyika na nyegere. Jua likiuchoma mzinga, siafu wakiuvamia, maji yakikosekana, au wewe ukirina masega yote bila kumbakizia kitu, hakusubiri. Anajaza asali tumboni na kuhama. Kwa hiyo afya ya mzinga wa nyumbani, kwa maoni yangu, ni kumpa nyuki sababu ya kubaki.

Sababu zenyewe hazina gharama kubwa: kivuli, karai la maji lenye vijiti ili wasizame, grisi kwenye waya wa kuning'inizia ili sisimizi wasipite. Kipimo nacho kina uzito wake. Katika mzinga wa viunzi vya juu, kila kiunzi, yaani ubao unaobeba sega, kiwe na upana wa milimita 32, kwani ndiyo nafasi nyuki wetu hujipimia wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata. Ukizidisha, watajenga masega yaliyopinda yakashika viunzi viwili, na hutaweza kukagua majana, yaani watoto wa nyuki, bila kuyavunja masega.

Kuna adui mwingine wa kumjua: mwaka 2009 utitiri wa varroa uligunduliwa Kenya na Tanzania. Utitiri huo hujilisha mwilini mwa nyuki na majana, na umeangamiza makundi mengi Ulaya na Marekani. Huku kwetu makundi mengi yanaishi nao bila dawa, na watafiti wanaendelea kuchunguza siri ya uvumilivu huo. Nakusihi usikimbilie kupulizia dawa. Mabaki yake hubaki kwenye nta.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, vaa kinga ya uso, kaa asubuhi pembeni mwa mzinga, nje ya njia yao ya kurukia, utazame mlango. Wakirudi na chavua miguuni kwa wingi, ni dalili kwamba kuna majana ya kulishwa ndani, na malkia anataga.