Televizyo mpya isichokeshe macho yako

Ndugu mfanyakazi, umenunua televizyo mpya. Umelipa franka nyingi. Dukani walikuambia kwamba picha yake ni ya HD, na kweli pale ilikuwa iking'aa sana. Umeifikisha nyumbani, jamaa wote wamekusanyika salo, mpira umeanza. Nusu saa haijapita, macho yanawasha na kichwa kinauma. Bibi yako anasema wachezaji ni wekundu kama nyanya. Usikimbilie kumeza vidonge, wala usimtukane muuzaji. Televizyo hiyo si mbovu: ingali imetengenezwa kwa ajili ya duka, si kwa ajili ya nyumba yako.

Dukani taa ni nyingi, na televizyo zinapangwa kando kando, kila moja ikishindana na mwenzake kuvuta jicho la mnunuzi. Kwa hiyo mwanga unawekwa wa juu kabisa na rangi kali kabisa. Salo yako ina taa moja. Wewe unayeshuka chini ya udongo unajua vizuri: ukimwangaza mwenzako machoni kwa taa ya kofia, kwa kitambo haoni kitu. Basi ndivyo unavyojifanyia mwenyewe kila mangaribi, na unakaa saa tatu.

Shika telekomandi, fungua «Menu», tafuta «Image». Kwanza angalia «Mode image». Ukikuta «Dynamique» au «Magasin», ondoka hapo, chagua «Cinéma» au «Film». Watu wa nyumbani watalalamika kwamba picha imekuwa ya manjano na imelegea. Waambie wangoje siku mbili, tatu. Jicho lilizoea weupe wa dukani, ambao kwa kweli ni wa kibuluu. Likiisha kupumzika, litaona weupe wa kweli. Ndiyo sababu vilevile «Température de couleur» iwe «Chaud».

Sasa mwanga. «Rétroéclairage» ni taa iliyo nyuma ya kioo, na hiyo ndiyo inayochoma macho. Uishushe usiku, taa ya salo ikiwa imewaka, mpaka shati jeupe lisikuchome tena. Utapata faida nyingine: taa hiyo ikishushwa, televizyo inakula umeme kidogo. «Luminosité» ni jambo jingine, ingawa jina lake linadanganya: mara nyingi inasimamia weusi. Tafuta filamu yenye usiku na mtu aliyevaa koti jeusi. Usiku ubaki mweusi, lakini mikunjo ya koti ionekane. Katika televizyo nyingine jina hilo linasimamia taa yenyewe. Utajua kwa kujaribu. «Contraste» inaangalia weupe: ikizidi, mawingu yanakuwa doa moja jeupe lisilo na umbo.

«Netteté» ndiyo inayodanganya watu wengi. Wanaipandisha mpaka mwisho, wakidhani wanaongeza HD. Hapana! Haiongezi kitu, inachora tu mstari mweupe kuzunguka vitu. Tazama herufi zinazopita chini ya habari, shusha polepole mpaka mstari ule upotee. Kwa «Couleur», mwalimu mzuri ni ngozi ya mtu. Tazama msomaji wa habari wa hapa kwetu, si majani ya uwanja wa mpira, kwa maana majani unaweza kuyapenda namna yoyote, lakini uso wa mtu unaujua.

Baada ya hayo yote picha ingali na ukungu? Pengine kosa ni la waya. Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, hauwezi kupitisha picha hiyo, hata kama kisanduku chako cha satelaiti kinaitoa. Tumia waya wa HDMI. Na kama unatazama DVD ya zamani, yenye nukta 720 kwa 576, usijichoshe na telekomandi: kisichokuwamo hakitatoka.

Pahali pa kukaa pana maana. Kwa HD kamili, pima kimo cha picha, uzidishe mara 3. Televizyo ya inchi 43 ina picha ya santimetri 53 hivi kwa kimo. Basi weka kiti karibu metri 1 na nusu, au zaidi kidogo. Usitazame katika giza. Acha taa ndogo nyuma ya televizyo au pembeni, isionekane katika kioo. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye kifafa, angalia jambo hili kwa bidii: akae mbali, na taa ya salo iwake, kwa sababu picha zinazomweka-mweka zinaweza kumletea shambulio.

Mama, mtoto wako anasogea kila mara karibu na kioo, unamfukuza, anarudi? Usimpige. Si televizyo iliyomharibu macho. Pengine haoni mbali, naye anasogea ili aone. Mpeleke hospitali wakampime. Huenda hata ubao wa shule haoni.

Na wewe wa posti ya usiku, unayerudi asubuhi na kukaa mbele ya televizyo «kidogo tu»: mwanga mkali unauambia mwili kwamba siku imeanza, na usingizi unakimbia. Mtu aliyelala saa tatu hafai kushika usukani wa mashine kubwa, na wenzake ndio watakaokuwa mbele ya magurudumu. Ukifika nyumbani, oga, kula, funga mapazia, lala. Televizyo ibaki imezimwa, watoto wacheze nje. Ukiamka mchana utatazama, na macho yatakuwa yamepona vumbi la kazi.