Saini Iliyoamua Bingwa
Aprili 14, 1968, mjini Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alitimiza miaka 45 huku akiwania ubingwa wa gofu wa Masters. Shimo la 17 alilimaliza kwa mapigo 3. Mchezaji mwenzake, aliyemshikia kadi, akaandika 4. De Vicenzo akatia saini bila kuhakiki. Kwa kanuni, hesabu iliyozidi na kutiwa saini haipunguzwi: jumla yake ikawa 278, na Bob Goalby, mwenye 277, akatwaa ushindi kwa pigo moja. Lau si kosa hilo, wangelilingana. De Vicenzo hakumlaumu mwandishi wa kadi. Alijilaumu nafsi yake. Wazazi wenzetu, tuwafunze wana wetu mawili: kusoma kabla ya kutia saini, na kutowatwika wengine makosa yetu.