Rati rodi: Kutu ruksa, breki mbovu marufuku

Ukiiona barabarani utadhani imetolewa dampo asubuhi hiyohiyo. Rangi imebabuka, kutu imetanda mlangoni, boneti haipo na injini iko wazi. Lakini mwenyewe hajaishiwa hela katikati ya kazi. Ndivyo alivyoitaka.

Hiyo ndiyo rati rodi, mtindo wa kuunda magari uliosambaa Marekani kuanzia miaka ya 1990. "Rati" ni panya kwa Kiingereza, na "rodi" inatokana na hoti rodi, magari yaliyopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu.

Chimbuko lake

Miaka ya 1930 na 1940, vijana wa California walinunua Ford kuukuu, wakang'oa kila kisichohitajika, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Baadaye hoti rodi zikawa za kifahari: rangi ya bei mbaya, kromu kila kona, na kazi yake kubwa ikawa kupigwa picha kwenye maonyesho. Rati rodi ilikuja kama jibu: gari la kuendeshwa, lililoundwa kwa kilichopo.

Kwa kawaida kazi huanza na bodi la zamani kama Ford Model A. Siku hizi wapo wanaotumia magari ya misuli, yaani yale ya ukubwa wa kati yaliyofungwa injini kubwa za V8. Yalitamba tangu Pontiac GTO ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale bima ghali, sheria za moshi na mgogoro wa mafuta wa 1973 vilipoyazima.

Usikate dhahabu

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya msumeno kuwashwa. Gari la misuli lililo kamili, ambalo namba za injini yake bado zinalingana na za bodi, lina thamani kubwa likiachwa lilivyo. Ukilikata, hiyo thamani hairudi.

Linalofaa ni mkweche: injini ilishauzwa, viti vimeoza, hakuna anayefikiria kulirudisha katika hali yake ya awali. Njia nyingine ya kuokoa pesa ni kutafuta toleo la milango minne. Chevelle ya milango minne huuzwa bei ya chini sana kuliko Chevelle SS ya milango miwili, ingawa breki na spea nyingi za usukani zinaingiliana.

Kabla ya kulipa, namba ya kibati cha gari ilinganishwe na hati ya umiliki. Gari lisilo na hati ni rahisi kulinunua, lakini kulisajili ni kazi nyingine kabisa.

Kutu iko wapi?

Hapa ndipo wengi hupigwa. Chevelle ina chasisi inayojitegemea, na bodi limeikalia juu. Bodi likioza, chasisi nzima bado inaweza kubeba kazi. Mustang na Dodge Charger za enzi hizo ni tofauti, kwa sababu bodi lenyewe ndilo chasisi. Sakafu na mihimili ya chini ndiyo inayoshikilia gari zima, kwa hiyo kutu pale ni sawa na ufa kwenye msingi wa nyumba.

Kipimo cha haraka ni bisibisi. Ikigonga chuma na kukwama, kuna matumaini. Ikizama, pale panahitaji kukatwa na kuchomelewa upya na fundi anayejua anachofanya. Kufupisha paa au kuondoa nguzo kwenye gari la aina hii bila kuimarisha chini ni kulivunja mgongo. Dalili huanza na milango kugoma kufunga.

Injini ya bei poa ina gharama zake

Wengi huchagua V8 ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, iliyoanza kutumika 1967 na kufungwa kwenye magari na pikapu kwa miongo kadhaa. Spea zake ziko kila mahali, na kwa kabureta haihitaji kompyuta.

Chaguo jingine ni V8 ya lita 5.3 kutoka pikapu za Chevrolet Silverado za kuanzia 1999, ambayo hupatikana kwa urahisi kwenye yadi za magari mabovu. Ina nguvu na inavumilia, lakini inadai kompyuta, waya zake na pampu nyingine ya mafuta. Kabureta hutosheka na msukumo wa takriban psi 6, wakati injini hiyo inataka takriban psi 58. Mpira wa mafuta wa zamani ukiachwa kwenye msukumo huo unaweza kupasuka juu ya injini ya moto. Rahisi ghali, na safari hii gharama yenyewe ni moto.

Breki hazina mjadala

Magari mengi ya miaka ya 1960 yalitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Mengi ya kabla ya 1967 yalikuwa na masta ya breki yenye njia moja tu. Paipu moja ikivuja, pedali inazama na gari zima linabaki bila breki. Ndiyo maana fedha za mwanzo huenda kwenye masta ya njia mbili, paipu mpya na diski za mbele.

Matairi nayo yasomwe. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka.

Mikanda pia. Sheria ya Marekani ililazimisha magari mapya kuwa na mikanda kuanzia Januari 1, 1968. Kwenye gari la kabla ya hapo, mikanda ifungwe kwenye chuma kilichoimarishwa, si kwenye bati jembamba la sakafu.

Hela iende wapi kwanza?

Mpangilio unaookoa ni huu: hati, chasisi, breki na usukani, matairi, injini, kisha mafuta na waya. Muonekano unakuja mwisho, kwa sababu ndio usio na bei. Kutu ya juujuu kwenye mlango husafishwa, hukaushwa na kupakwa mafuta au vanishi isiyong'aa. Kutu inayomenyeka vipande au kutoboa si urembo tena.

Sheria za madigadi, taa na vioo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, hivyo ziulizwe kabla ya kukata chochote.

Unafuu wa rati rodi unatokana na kuacha rangi na kromu. Pesa iliyookolewa hapo ina pa kwenda: chini ya gari, mahali ambapo kamera haifiki.