Ndimi Zilizoitikia: Kumkumbuka Hukwe Zawose

Ilimba aliyoipakata marehemu Hukwe Ubi Zawose ilikuwa sanduku la mti lililojaa ndimi za chuma, zaidi ya 60, na baadhi ya ndimi hizo kidole gumba hakikuzigusa asilani; zilikaa kungoja jirani zao zipigwe, zipate kutetemeka nazo. Ukiinamisha sikio karibu na tundu la sanduku, lililozibwa kwa utando wa buibui, utasikia mvumo mwembamba mithili ya nyuki mzingani, unaoizunguka kila sauti. Asiyezoea hudhani chombo kina kasoro. Kwa Wagogo, ilimba isiyovuma haijakamilika.

Sikujaliwa kuketi naye barazani wala kupeana naye mkono. Walakini kwa miaka mingi kanda zake ndizo zilizokuwa sahibu yangu wa usiku, na mtu akikuimbia faraghani kwa muda kama huo, huna budi kumwita rafiki.

Alizaliwa Doduma, katika nyika ya Ugogo, akakua akichunga ng'ombe, na baba yake ndiye aliyemfunza muziki. Sauti yake ilikuwa hidaya ya ajabu: ilishuka chini kama ngurumo ya mbali, kisha, kabla msikilizaji hajatanabahi, ikapaa juu nyembamba mno, hata mgeni akadhani mtu wa pili ameingia chumbani. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye akahamia pwani, akasomesha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Kutoka huko alisafiri Ulaya, Japani na Marekani, akatoa albamu Chibite mwaka 1996, na Assembly, pamoja na Michael Brook wa Kanada, mwaka 2002. Safari hizo zilimpa sifa, lakini mimi humpenda zaidi pale anapoimba na jamaa zake, hasa Charles, mtoto wa ndugu yake, ambaye sauti yake iliingia katika ya mzee wake kama maji katika maji. Hukwe alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Charles akamfuata mwaka uliofuata.

Nilihuzunika nikidhani ilimba ya Bagamoyo imenyamaza. Katika nyumba ya Hukwe wanawake walikuwa wakiitikia nyuma tu, kwani kuongoza na kushika vyombo vilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Walisikia kila wimbo, wakatetemeka nao, bila ya kuguswa na kidole cha mtu. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajiitao The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha. Nilizima taa kama nilivyozoea, nikangojea sauti ya mzee. Ikaja ilimba, ukaja na ule mvumo wa nyuki, na aliyeanza kuimba alikuwa mwanamke.