Je, Wajua? Vitabu Vikizidi Nyumba

Je, wajua kwamba Umberto Eco, mwandishi na profesa wa Italia, alikuwa na vitabu vipatavyo 30,000 katika nyumba yake ya Milano, na vingine kama 20,000 katika nyumba yake ya shamba? Kila mgeni aliyepita kwenye ushoroba wake wa rafu aliishia kuuliza swali ambalo kila mwenye vitabu vingi amekwisha kuulizwa: hivi vyote umevisoma? Eco, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa na majibu yake tayari. Jibu moja lilikuwa kwamba hajasoma hata kimoja, la sivyo angeviweka vya nini. Jingine ni kwamba hivi ni vya kusoma kabla mwezi haujaisha, vilivyokwisha kusomwa viko ofisini.

Mwaka 2007 mwandishi Nassim Nicholas Taleb alitumia mfano wa maktaba hiyo kutoa hoja nzito: vitabu ambavyo hujavisoma vina thamani kuliko ulivyovisoma, kwa sababu kila siku vinakukumbusha ukubwa wa usilolijua. Nakubaliana naye kabisa. Mtu mwenye kamusi haulizwi kama ameimaliza. Anayeweka kitabu cha historia ya Kilwa kwenye rafu akingoja wakati wake hafanyi anasa, anajiwekea akiba ya siku atakapokihitaji, na siku hiyo hufika bila hodi.

Mgeni akishauliza swali hilo, la pili huwa ni kuazima, na kitabu kilichoazimwa kina njia yake ya kusahau nyumbani kwao. Mwingereza Richard Heber, aliyefariki mwaka 1833, alikuwa na dawa: mtu anapaswa kuwa na nakala tatu za kila kitabu, moja ya kuonyesha, moja ya kusoma na moja ya kuazimisha. Ukiishi kwa kanuni hiyo nyumba moja haitoshi. Heber alijaza nyumba nane, nyingine Uingereza, nyingine Ufaransa na Ubelgiji, kwa vitabu vilivyopita 100,000. Alipofariki, wosia wake ulitafutwa kila mahali, hatimaye ukapatikana nyuma ya vitabu kwenye rafu. Ulipofunguliwa, haukusema neno hata moja kuhusu vitabu. Vikapigwa mnada kwa miaka kadhaa, vikatawanyika.

Paris nako kulikuwa na Antoine-Marie-Henri Boulard, mwanasheria aliyeanza kwa nia njema ya kuokoa vitabu vilivyotupwa nje ya majumba ya makabaila na nyumba za watawa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Hakujua pa kusimama. Alikuwa na nyumba za kupangisha, akawatoa wapangaji mmoja baada ya mwingine ili vyumba vipokee vitabu. Alipofariki mwaka 1825 aliacha laki kadhaa, na vilipomwagwa sokoni bei ya vitabu vya mitumba Paris ikaanguka. Lakini aliyewazidi wote kwa tamaa, kwa maoni yangu, ni Sir Thomas Phillipps (1792–1872), aliyetamka wazi kwamba anataka nakala moja ya kila kitabu duniani. Alikusanya vitabu vya chapa vipatavyo 40,000 na miswada ya mkono kama 60,000. Aliihifadhi kwenye masanduku marefu yenye mlango wa mbele, mfano wa majeneza, yakiwa yamepangwa moja juu ya jingine, ili moto ukizuka yabebwe kama yalivyo. Alipohamia mji wa Cheltenham, Uingereza, miaka ya 1863 na 1864 mzigo ulijaza zaidi ya magari 100 ya farasi. Mkewe na mabinti zake waliishi katika nyumba isiyo na pa kupita, na mapato ya shamba yakaenda kwa wauza vitabu. Katika wosia wake alikataza binti yake mkubwa na mumewe wasikanyage nyumbani humo. Wazao wake walichukua zaidi ya miaka 100 kuuza mkusanyiko huo kidogo kidogo. Ni kweli kwamba bila yeye miswada mingi ingeishia kuwa gundi na karatasi za kufungia bidhaa. Ni kweli pia kwamba watu wa nyumbani kwake walilipa gharama ambayo hawakuulizwa.

Pengine umewahi kusikia kuhusu waziri wa Uajemi aliyesafiri na maktaba yake juu ya ngamia 400 waliofundishwa kutembea kwa mpangilio wa alfabeti. Habari hiyo imezunguka sana, nayo si sahihi. Mtu mwenyewe ni al-Sahib ibn Abbad, waziri na mwanafasihi wa karne ya 10, aliyefariki mwaka 995. Mtawala wa Wasamani alimwita akamtumikie upande wa mashariki, naye akatoa udhuru: miongoni mwa sababu za kukataa alitaja kwamba kuhamisha vitabu vyake peke yake kungehitaji ngamia 400. Ngamia hawakutoka zizini. Mimi naupenda zaidi ukweli huu kuliko uzushi ule, kwa sababu humu kuna mtu aliyeacha cheo kikubwa kimpite, na katika mizani yake vitabu vilikuwa na uzito.

Aliyesafiri na vitabu kwelikweli alipita huku kwetu. Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, alishuka Mombasa kwa safari ndefu ya uwindaji. Miongoni mwa mizigo kulikuwa na sanduku jepesi la aluminiamu lenye vitabu vipatavyo 60, zawadi ya dada yake. Kingo za vitabu zilikuwa zimepunguzwa na majalada kubadilishwa kuwa ya ngozi ya nguruwe, kwa sababu jalada la kawaida lisingehimili jasho, mvua na vumbi. Sanduku pamoja na vilivyomo lilikuwa na uzito wa kilo 27 hivi, mzigo wa mpagazi mmoja. Humo mlikuwa na Biblia, Shakespeare, Homer na riwaya kadhaa. Roosevelt alisoma adhuhuri chini ya mti, alisoma kambini jioni, alisoma akiwa ameketi kando ya mnyama aliyemuua akisubiri wachunaji. Vitabu vikashika damu, mafuta ya bunduki na majivu. Vitabu hivyo vimehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Harvard. Jina la mpagazi aliyebeba sanduku hilo kutwa kichwani sijaliona kwenye orodha yoyote, na lilistahili kuwapo.

Mmoja wa wenyeji waliompokea Roosevelt alikuwa William Northrup McMillan, mwenye shamba la Juja. Baada ya kifo chake mjane wake, Lucie, alijenga maktaba ya kumbukumbu jijini Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931. Jengo lile lenye nguzo na sanamu za simba bado limesimama, ila kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Turudi kwenye uzito. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu vya kawaida hubeba kilo 20 hadi 30 hivi, na ukipanga kamusi na vitabu vya picha inazidi. Hapo fundi seremala anayejua kazi yake atakuuliza urefu wa ubao kabla ya kukuuliza rangi. Je, wajua kwa nini? Ubao ulioshikiliwa ncha mbili, ukiurefusha mara mbili na kuujaza vitabu vilevile mwanzo hadi mwisho, haupindi mara mbili, unapinda mara 16. Ukiuongeza unene mara mbili, kupinda kunapungua mara nane. Ndiyo maana rafu ya sentimita 80 inasimama miaka mingi ilhali ile ya mita moja na nusu, ya mbao zilezile, imelegea tumboni kabla ya mwaka kwisha. Zile mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi ndizo mbaya zaidi, kwani zikishapinda hazirudi. Weka nguzo katikati, au kata rafu fupi.

Kitabu chaweza pia kumdhuru mwenyewe. Mshairi Petrarca wa Italia aliandika kwenye barua ya mwaka 1359 jinsi buku kubwa la barua za Cicero, alilolinakili kwa mkono wake mwenyewe, lilivyomwangukia mguuni mara kwa mara mahali palepale hadi jeraha likaoza na kumlaza. Kuhusu mwandishi al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya 9, wapo wanaosimulia kwamba aliuawa na vitabu vilivyomporomokea uzeeni, lakini hayo ni masimulizi ya baadaye. La kupendeza zaidi husimuliwa kuhusu ujana wake: alikuwa maskini, basi akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, anafungiwa ndani na kusoma hadi kunakucha.

Adui wa vitabu vya pwani, hata hivyo, si kuporomoka. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Yuko pia yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha, asiye na mbawa, anayekimbia ukifungua kitabu cha zamani: anatafuta wanga uliomo kwenye gundi na karatasi. Mchwa ni msiba mwingine kabisa. Hupanda kutoka ardhini kwa vichuguu vya udongo nyuma ya kabati, huanza na rafu ya chini, na hula kutoka ndani. Migongo ya vitabu inabaki imesimama mizuri, herufi za dhahabu zinasomeka, hadi siku unapovuta kimoja na mkononi linakujia jalada lenye udongo tupu. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, inua rafu ya chini kutoka sakafuni, na uvitoe vitabu vyote angalau mara moja kwa mwaka. Kule Coimbra, Ureno, maktaba ya chuo kikuu ya karne ya 18 inatumia walinzi wa aina yake: popo wanaoishi humo na kula wadudu usiku. Jioni meza hufunikwa ngozi, asubuhi kinyesi hufagiliwa.

Hata harufu ina maelezo yake. Karatasi ya mti ina lignini, na kadiri inavyochakaa hutoa hewa za kemikali nyingi, mojawapo ni ileile inayoipa vanila harufu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Matija Strlič huko London walionyesha kuwa kwa kupima hewa hiyo unaweza kujua karatasi imechakaa kiasi gani bila kukata hata kipande.

Wapo walioujua mpaka wao. Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliamua maktaba yake iwe na vitabu 3,000, kisivuke hata kimoja. Alivipanga kwa kimo, kuanzia kidogo kabisa, na vilivyokuwa vifupi kuliko jirani zao vikawekewa vijigogo vya mbao chini, vimechongwa na kupambwa vifanane na mgongo wa kitabu chenyewe. Alipofariki mwaka 1703 aliacha masharti: viende chuo cha Magdalene, Cambridge, bila kuongezwa wala kupunguzwa, na chuo jirani cha Trinity kiwe na haki ya kuja kukagua. Magdalene wakikiuka, Trinity wanavichukua. Bado viko Magdalene, katika makabati yaleyale aliyochongewa na seremala.

William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, hakungoja kifo. Akiwa amepita miaka 80, alisukuma toroli mwenyewe, akisaidiwa na binti yake na mtumishi mmoja, kuhamisha vitabu vyake vipatavyo 32,000 kutoka nyumbani kwake Hawarden, Wales, hadi jengo alilolitayarisha kwa ajili ya wasomaji wasio na vitabu. Maktaba hiyo, sasa katika jengo jingine, bado inapokea watu wa kusoma na kulala humohumo. Gladstone alichapisha hata maelezo ya jinsi ya kupanga rafu, akakokotoa kuwa chumba cha mita 6 kwa 12 kinaweza kubeba vitabu 18,000 hadi 20,000 bila kupoteza sura ya chumba. Thomas Jefferson naye aliuza vyake 6,487 kwa bunge la Marekani mwaka 1815, baada ya Waingereza kuchoma maktaba ya bunge, akalipwa dola 23,950. Mwaka 1851 moto mwingine ukateketeza theluthi mbili ya vitabu hivyo.

Afrika haikuwa mgeni wa haya. Ahmed Baba, mwanachuoni wa Timbuktu, alikamatwa na majeshi ya Morocco mwaka 1593 na kupelekwa Marrakesh. Alilalamika kwamba amepokonywa vitabu 1,600, kisha akaongeza kwamba katika ukoo wake maktaba yake ndiyo ilikuwa ndogo kuliko zote.

Na Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, yamehifadhiwa maandiko ya mkono ya vizazi vya wanazuoni, mengine yakiwa yametoka majumbani mwa watu. Ndani ya baadhi yake imeandikwa kwamba ni wakfu: hakiuzwi, hakirithiwi, kinabaki kwa wanaosoma. Sentensi fupi, iliyoandikwa na mwenye kitabu akiwa hai, na ndiyo iliyokosekana kwenye wosia wa Heber. Katika miaka ya 2010 maandiko hayo yalipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa programu ya British Library ya kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Picha zimesambaa duniani, asilia zimebaki Lamu.