Sanduku la Babu na Msasa Wangu

Mwaka wa 1978, nilipoitwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni, baba hakuwa na fedha za kuninunulia sanduku la bati. Babu akanitolea lake la mbao, lenye vipini vya kamba, alilorudi nalo kutoka vitani. Nililionea haya. Wenzangu wangesema nini wakiniona na sanduku la risasi? Nikatwaa msasa, nikalisugua kutwa nzima, kisha nikalipaka rangi ya samawati. Babu alipoliona alinyamaza kitambo, akauliza, "Mjukuu wangu, umelisafisha au umelifuta?"

Sikumwelewa.

Mpenzi msomaji, wapo watu, hapa nchini na ng'ambo, wanaokusanya masanduku kama hayo. Wengi huwacheka. Lakini sanduku la jeshi la Uingereza husomeka mithili ya barua: mshale wa mistari mitatu waeleza kuwa ni mali ya serikali, herufi za rangi hutaja kilichopakiwa, na aghalabu mwaka nao huwapo. Mkusanyaji mwenye busara hupangusa vumbi kwa brashi kavu, akaiacha mikwaruzo ilivyo. (Naye huhakikisha kwanza kuwa ni tupu, akikuta risasi humwita polisi, wala hajifanyi shujaa.)

Babu alikuwa askari wa King's African Rifles. Askari wa jeshi hilo walipigana Uhabeshi mwaka wa 1941, Madagaska 1942 na Burma 1944. Yeye alikuwa wapi? Hakuwa msemaji, naye alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza. Lau ningaliuacha ule mwaka ubavuni mwa sanduku, ningalijua angaa jambo moja: sanduku lililoundwa 1943 haliwezi kuwa lilitoka katika vita vya Uhabeshi. Mimi, ambaye leo ni mwalimu wa historia na hukariri tarehe za majenerali, historia ya nyumbani niliifuta kwa mikono yangu.

Wanafunzi wangu wameanza kuniletea habari za masanduku ya kwao. Moja latiwa unga. Katika jingine kuku hutagia. Nimewasihi wanakili kila herufi kabla fundi hajashika randa. Langu lingali chini ya kitanda, samawati yake ikibambuka. Nimelipindua mara kadhaa, nikitafuta mahali ambapo msasa haukufika.