Nyota Zisizozunguka kwa Duara

Mwaka 1974 mwanafunzi Russell Hulse na mwalimu wake Joseph Taylor, raia wa Marekani, walikuwa wakiipekua mbingu kwa darubini kubwa ya redio iliyokuwapo Arecibo, kisiwani Puerto Rico. Waligundua nyota itoayo mapigo 17 kwa sekunde. La ajabu ni kwamba mapigo hayo mara yaliwahi, mara yalichelewa. Kumbe nyota ile ilikuwa na mwenzake, nazo zazungukana kila baada ya saa 7 na dakika 45.

Hizo ni nyota za nyutroni, mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka. Kila moja ina uzito wa mara 1.4 hivi wa Jua letu, ila umesongwa katika donge lenye upana wa kilomita 20 tu! Njia yao si duara bali duaradufu iliyorefuka, hata umbali wao wa juu kabisa ni zaidi ya mara nne ya ule wa chini.

Einstein alikwisha eleza mwaka 1916 kwamba vitu vizito viendavyo hivyo hutoa mawimbi ya mvutano, nayo huondoka na nguvu. Vipimo vilimthibitisha: njia ya nyota hizo hupungua mita 3 na nusu kila mwaka. Hulse na Taylor walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Zinapokaribiana ndipo zitoapo mawimbi mengi zaidi. Ni kama breki inayokanyagwa mahali pamoja kila mzunguko: zikisha pita hapo, haziwezi tena kwenda mbali kama awali, na duaradufu hugeuka duara polepole. Zitakapogongana, baada ya miaka milioni 300 hivi, duaradufu itakuwa imekwisha kutoweka.

Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO huko Marekani, yenye mikono ya kilomita 4, ilinasa mawimbi ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Yalidumu sekunde 100 hivi, yakipanda kwa ulaini kama filimbi. Yalitambuliwa katikati ya makelele kwa kulinganishwa na vielelezo vilivyokokotolewa mapema, vya njia za duara.

Katika mafunzo ya ualimu tulionywa tusisahihishe hesabu kwa kutazama kitabu cha majibu tu, maana mtoto aliyepita njia nyingine hutiwa kosa bure. Shida hiyo ipo hapa. Katika vishada ambamo nyota zimesongamana, nyota ya tatu yaweza kuwasukuma wawili wagongane kabla duaradufu haijanyooka. Mawimbi yao hayapandi kwa ulaini. Huja kwa mishindo, mmoja kila wakaribianapo. Kielelezo cha duara chaweza kuyapita yasitambuliwe, na pamoja nayo hupotea habari ya mahali jozi hiyo ilipokutania.

Kukokotoa vielelezo vya kila kiasi cha urefu wa duaradufu ni kazi nzito hata kwa kompyuta, na kadiri vinavyozidi ndivyo makelele yanavyofanana na kimojawapo kwa bahati tu. Kwa hiyo wengine huacha vielelezo, wakatafuta mishindo yenyewe na kuijumlisha, kwa kuwa kila mshindo peke yake ni hafifu mno.